Kabla hujamwambia mwenzako "komaa", muulize anaendeleaje

SEHEMU YA 1

 

Nimetoka zamu ya usiku, watoto wameshaenda shule, chai iko mezani. Naandika kabla usingizi haujanishinda, maana jambo hili nimekaa nalo tangu Novemba.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mimi nakimbia. Sio mwanariadha jamani, msije mkanitafutia mdhamini. Ni nesi mwenye watoto wawili, ninayekimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alfajiri na akina mama wenzangu huku Goba, Dar es Salaam. Tulianza wanne, wote wa kikoba kimoja. Siku moja baada ya kikao mmoja akalalamika mgongo unamuuma kwa kukaa dukani kutwa nzima, tukakubaliana tuwe tunatembea asubuhi. Kutembea kukageuka kukimbia. Leo tuko kumi na nne. Mwaka jana tukajiwekea lengo: twende Moshi, Kilimanjaro Marathon, tukimbie kilomita 21.

Sasa leo nina maoni, na najua yatawaudhi baadhi. Sisi wakimbiaji wa mtaani tunapeana moyo sana, ila tunaangaliana kidogo. Na kwa mama, hasa aliyejifungua miezi ya karibuni, kuangaliwa kunamsaidia kuliko kushangiliwa.

Nitaeleza kwa nini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

SEHEMU YA 2

Kwanza niweke wazi: sipingi vikundi. Bila kikundi mimi nisingekimbia hata wiki mbili.

Fikiria saa kumi na moja alfajiri. Mtoto amekuamsha mara tatu usiku. Raba ziko mlangoni, kitanda kina joto. Kitakachokutoa ndani sio ile hamu uliyokuwa nayo Januari mosi. Ni kujua kwamba Mama fulani amesimama pale kwenye nguzo ya umeme anakusubiri, na usipotokea atapiga simu mpaka mzee aamke.

Na kuna usalama. Mwanamke peke yake barabarani alfajiri, giza, mbwa, bodaboda zisizowasha taa. Tukiwa sita tunaonekana, tunasikika.

Halafu kuna maongezi. Nimesikia mambo mengi kule barabarani ambayo mama hawezi kuyasema kliniki kwenye foleni, mbele ya mama mkwe na nesi mwenye haraka. (Ndiyo, haraka tunayo, tusamehane.) Mnapokimbia hamtazamani usoni, kwa hiyo maneno yanatoka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na ushauri huo unamhusu pia mama mjamzito na aliyejifungua, kama hana tatizo la kiafya linalomzuia. Dakika 150 ni nusu saa mara tano. Kutembea kwa haraka kunahesabika. Kwa hiyo mtu asisome hapa halafu aseme "nesi kasema tusikimbie". Nataka mkimbie. Nataka mrudi nyumbani pia.

SEHEMU YA 3

Tumuite Mama K. Amenipa ruhusa niandike, na amesoma kabla yenu.

Mama K alijiunga nasi mtoto wake wa tatu akiwa na miezi mitano. Mwanamke mchapakazi, anapika maandazi na chapati, saa tisa usiku yuko jikoni. Wiki za mwanzo alikuwa vizuri tu, anakimbia katikati ya kundi huku anatuchekesha. Ilipofika Oktoba akaanza kubaki nyuma kwenye vilima. Goba mnaijua, ni kupanda na kushuka. Mimi ni mmoja wa wanaotangulia. Nikifika juu nageuka, napiga makofi, napaza sauti: "Komaa Mama K! Kilima kinaisha hicho! Kaza!"

Na wenzangu wote wanaitikia, "Komaa!"

Wiki ya kwanza, komaa. Ya pili, komaa. Kwenye kundi letu la WhatsApp tunamtania, tunamwekea picha ya kobe. Yeye anajibu kwa vicheko.

Jumamosi moja ya Novemba akakaa chini. Hakuanguka. Alikaa tu pembeni ya barabara, mbele ya duka lililofungwa, kama mtu anayesubiri gari. Nikashuka kilima bado napiga makofi. Nilipomkaribia nikaona midomo yake. Nikamshika mkono, viganja vyeupe. Nikavuta kope la chini, ndani kweupe. Moyo unamdunda mpaka unauona shingoni, na tulikuwa tumeshasimama kama dakika tano.

Nikamuuliza ndiyo kwanza, baada ya wiki zote zile: "Mama K, unajisikiaje?"

Akasema, "Dada, hedhi imerudi tangu Septemba, inatoka nyingi sana. Nabadilisha pedi kila saa. Nilidhani nina uvivu tu. Kila mtu alikuwa anasema komaa."

Tulimpeleka akapimwa wingi wa damu. 6.8. Kwa mwanamke ambaye hana mimba tunatarajia 12 au zaidi. Chini ya 8 tunauita upungufu mkali. Na yeye alikuwa anapanda vilima vya Goba, akitoka kukanda unga, huku ananyonyesha.

Baadaye ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, ule wa kawaida ambao wanawake wengi wanao. Ametibiwa, anaendelea vizuri. Lakini mimi ambaye kazini natazama kope za akina mama kila siku, nilishindwa kutazama za rafiki yangu kwa sababu nilikuwa mbele napiga kelele.

SEHEMU YA 4

Nikisimulia hili wapo wanaoniambia: "Sasa nesi, mbio bila kukomaa ni mbio gani? Mbona Akhwari alimaliza?"

Kwa vijana wasiomjua: John Stephen Akhwari ni Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Ni heshima ya nchi hii na mimi namheshimu sana.

Ila angalieni zile picha vizuri. Mguu wake umefungwa bandeji. Maana yake ni kwamba kabla hajaendelea, kuna watu walimhudumia. Waliona jeraha, wakalifunga. Sisi tunachukua ile sehemu ya kumaliza, tunaiacha sehemu ya bandeji.

Na jeraha la Akhwari lilikuwa gotini, kila mtu analiona. La mama liko ndani. Damu iliyopungua haionekani kwa mbali. Mshono wa upasuaji uko chini ya nguo. Mkojo unaomtoka akikimbia anauficha kwa pedi na kufunga kanga kiunoni. Huzuni baada ya kujifungua haina bandeji kabisa. Ukisimama mita hamsini mbele yake unapaza sauti "kaza", unamshangilia mtu usiyejua amebeba nini.

Tatizo lingine la neno hilo ni kwamba linafunga mdomo. Watu kumi na tatu wakishasema komaa, wa kumi na nne hawezi kusema "naumwa" bila kuonekana analeta visingizio. Hasa mama, ambaye tangu utotoni ameambiwa uchungu ni sehemu ya maisha yake.

SEHEMU YA 5

Hii ni sehemu ya unesi. Ihifadhini.

Upungufu wa damu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta kwamba karibu wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hapa nchini walikuwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo kwenye kikundi cha akina mama kumi na nne, ukisema hakuna hata mmoja, unajidanganya. Dalili: kuchoka kusikoisha, kukosa pumzi kwenye kilima ulichokuwa unakipanda bila shida, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, kizunguzungu, kutamani kula udongo au barafu. Kipimo ni tone la damu. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, choo kitakuwa cheusi, usiogope. Usivimeze na chai ya majani, inazuia madini kufyonzwa. Meza na maji, na ukiwa na chungwa ni bora zaidi.

Hedhi nyingi. Ukibadilisha pedi kila saa kwa saa kadhaa, ukitoa mabonge, au ikizidi siku saba, hiyo sio "damu yangu ndivyo ilivyo". Nenda hospitali.

Kurudi kukimbia baada ya kujifungua. Kutembea unaweza kuanza mapema, kadiri mwili unavyoruhusu. Kukimbia, wataalamu wengi wa fiziotherapia wanashauri usubiri angalau wiki 12, hata kama ulijifungua kawaida. Kama ulifanyiwa upasuaji, ulichanika sana au ulipoteza damu nyingi, ongea kwanza na mtaalamu. Yule rafiki yako aliyeanza wiki ya sita usijipime naye.

Mkojo kutoka ukikimbia. Linawapata akina mama wengi, na lisikufanye uone aibu. Lakini usilizoee. Ni misuli ya nyonga inaomba muda. Punguza kukimbia, fanya zoezi la kubana misuli ile kama unayezuia mkojo na upepo, bana, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usilifanye ukiwa unakojoa. Ukihisi uzito ukeni kama kitu kinashuka, acha kukimbia, uje hospitali.

Kunyonyesha. Maziwa hayachachi kwa sababu umekimbia. Nyonyesha kabla hujatoka ili matiti yawe mepesi, vaa sidiria inayoshika vizuri, kunywa maji, kula. Mama anayenyonyesha na kukimbia huku anajinyima chakula apungue haraka anajiumiza.

Simama hapohapo, usimalize hata mita mia: maumivu ya kifua, kuzimia au kutaka kuzimia, pumzi inayogoma kurudi hata ukipumzika, damu kuanza kutoka tena baada ya kukatika, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye nyama ya chini ya goti, hasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Hilo la mwisho linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Wahi hospitali siku hiyohiyo.

SEHEMU YA 6

Sasa sisi tulibadilisha nini baada ya Mama K? Sio mengi.

Kwenye kikoba, mtu asipoleta hisa zake hatumcheki. Mweka hazina anampigia: kuna nini nyumbani, mtoto anaumwa, biashara imekwama? Tuna hata mfuko wa jamii kwa ajili hiyo. Nikajiuliza, inakuwaje akina mama walewale, tukivaa raba tunakuwa watu wengine? Asiyekuja tunamwekea kobe!

Basi tukachukua utaratibu wa kikoba tukauleta barabarani.

Moja. Kabla ya kuanza tunasimama duara, kila mmoja anamuuliza wa kulia kwake: umelala? umekula? kuna kinachouma? Dakika mbili. Anayejisikia vibaya anasema tu "leo natembea". Hakuna anayemuuliza kwa nini mbele ya watu.

Mbili. Wa mwisho hawi peke yake. Kila siku kuna wawili wa zamu ya nyuma, na wenye kasi wanapangwa kama wengine. Mwanzoni walinung'unika. Nikawakumbusha Eliud Kipchoge, Oktoba 2019 kule Vienna, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Alikuwa na wenzake 41 wanaopokezana kukimbia kumzunguka, wanamkinga upepo. Mtu hodari kuliko wote alihitaji watu 41. Mama wa miezi mitano anahitaji wawili.

Tatu. Asiyetokea mara mbili anapigiwa simu. Sio ujumbe kwenye kundi, simu. Kwa njia hiyo tumegundua mwenzetu mmoja alikuwa analia kila siku tangu ajifungue na hakuna aliyejua, hata mume. Yuko kwenye matibabu sasa. Kilichomsaidia ni simu.

Nne. Neno komaa hatujalifuta. Unaruhusiwa kulisema ukiwa pembeni yake, umemtazama usoni, umemuuliza, amekujibu. Hapo lina maana.

SEHEMU YA 7

Akina baba, sogeeni.

Mnapenda kuposti picha ya mkeo na medali, "hongera mke wangu jasiri". Vizuri. Lakini mama hapati nafasi ya kukimbia kwa sababu ya posti. Anaipata kwa sababu kuna mtu ameamka saa kumi na moja kukaa na mtoto, amechemsha uji, na hajamtumia ujumbe "unarudi saa ngapi" akiwa kilomita ya tatu.

Shemeji yetu mmoja, mwendesha bodaboda, Jumamosi anatufuata nyuma polepole taa ikiwaka mpaka kupambazuke. Hatujawahi kumuomba. Alianza siku mke wake alipomsimulia kuhusu Mama K. Mwingine anakusanya watoto wa nyumba tatu barazani, wanakunywa uji pamoja. Hao nao wako kwenye kikundi, ingawa hawajawahi kuvaa raba.

Na wewe unayejua nyumbani kwamba mkeo anatokwa na damu nyingi kila mwezi, usiseme "mambo ya wanawake". Mume wa Mama K alikuwa anaona pedi zinaisha kila siku mbili. Ananiambia hakujua kama ni jambo la kuuliza. Ni jambo la kuuliza, baba.

SEHEMU YA 8

Wapo watakaosema nawafanya akina mama wawe wadhaifu. Kwamba tukianza kuulizana kila asubuhi, kila mtu atakuwa na sababu ya kutembea. Hata mimi nililiogopa hilo. Nawaambia kilichotokea kwetu: wiki ya kwanza watano walisema "leo natembea". Nikasema haya, kikundi kimekufa. Wiki ya tatu alikuwa mmoja. Watu walipojua wanaruhusiwa kutembea, siku za kukimbia wakawa wanakimbia kweli. Na wale waliokuwa wanatoroka mazoezi kwa kuona aibu kubaki nyuma, wamerudi.

Nawajibu pia wanaosema medali inatafutwa kwa maumivu. Maumivu ya misuli, sawa. Miguu inawaka, kichomi kinabana, unaendelea, kesho unashuka ngazi kinyumenyume. Hayo tunayajua, tunayacheka. Lakini kutofautisha maumivu hayo na ugonjwa, mtu akiwa amechoka hawezi mwenyewe. Ndiyo maana ana wenzake.

Mwisho wa Februari tulienda Moshi. Kumi tulikimbia 21. Njia inapanda kuelekea Mweka, kilomita na kilomita, mpaka unajiuliza nani alikutuma. Mama K alikimbia zile kilomita 5, daktari wake alikuwa amemruhusu, damu imeshafika 11 na pointi kadhaa. Akamaliza mapema akakaa uwanja wa Ushirika na mtoto mgongoni, anatusubiri.

Mimi niliingia nimechoka, chumvi usoni, sioni vizuri. Nilitegemea vigelegele. Nikamwona anakuja na chupa ya maji. Hakupiga makofi. Akanishika mkono, akanivuta kope la chini, akachungulia kama daktari, akasema: "Umelala jana? Umekula? Kuna kinachouma?"

Nikacheka mpaka nikalia. Nikamwambia ukweli, kwamba usiku sikulala na goti la kushoto linauma tangu kilomita ya 15. Akanikalisha kivulini.

Haya mama. Jumamosi hii, kabla ya kuanza, mgeukie wa kulia kwako umuulize. Kama mnakimbia wawili tu, muulize huyo mmoja. Kama unakimbia peke yako, mwambie mtu nyumbani unapita njia gani na unarudi saa ngapi. Na kama umesoma dalili kule Sehemu ya 5 ukajiona mwenyewe, usisubiri Jumamosi. Leo hii nenda kituo cha afya kilicho karibu, waambie unataka kupima wingi wa damu.

Mtumie na mwenzio aliyeanza kubaki nyuma siku hizi. Usimwekee kobe.

Maswali andikeni hapo chini, nitajibu jioni nikiamka. Wiki ijayo naendelea na misuli ya nyonga, wengi mmeniuliza kimyakimya kwenye meseji. Tutayaongea hadharani, maana hakuna cha kuficha.

Nalala sasa. Mbarikiwe.